Namba Arobaini na Saba

"Nani kaandika mtoto katapika mara mbili na nusu?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, mbele ya dirisha la kuandikisha wagonjwa, kina mama wamebanana na watoto migongoni. Aliyeuliza alikuwa kijana mwembamba, shati la samawati limechomekewa vizuri, fomu mkononi. Ndiye mtakwimu wa hospitali. Wenzake walimwita Desimali.

"Mimi," alijibu muuguzi mmoja bila kuinua uso. "Ya tatu aliimeza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Desimali alijaribu kununa, ikashindikana.

"Dada, kutapika kunahesabiwa. Moja, mbili, tatu, basi. Uzito, joto, sukari, hizo zinapimwa. Huko ndiko nusu na robo zinakokaa. Ukinichanganyia, kazi yangu yote inaharibika."

Muuguzi akainua uso. Alikuwa na macho makubwa ya utundu, na saa ndogo imening'inia kifuani kwenye gauni jeupe. "Na moyo wangu unavyodunda sasa hivi, unahesabiwa au unapimwa?"

Mtaalamu aliandika namba yake ya simu pembeni ya fomu, akamrudishia.

Wiki haikuisha, wakawa wanapigiana simu kila siku. "Umekula, Desimali wangu?" "Bado, nakusubiri wewe, mpenzi." Miezi sita ikapita hivyo. Jambo moja tu lilimkera kijana: mgongo wa mpenzi wake, uliochoshwa na kubeba watoto wodini, na vidonge vya maumivu alivyomeza kila siku, viwili asubuhi, viwili jioni.

"Vinanisimamisha," angesema. "Halafu mimi napimwa damu kila baada ya miezi miwili kwenye ule utafiti wa afya za wafanyakazi. Namba arobaini na saba. Ukiniona humo nisalimie."

Siku ya kuandaa ripoti ya utafiti huo ilipofika, Desimali alikuta majibu ya figo yameandikwa kwa neno tu: Kawaida. Kawaida. Kawaida. Hakupenda. Kitu kilichopimwa kwa desimali, mtu amekikata vipande viwili, kawaida na si kawaida, akatupa kilichobaki. Akaomba maabara wampe namba zenyewe.

Mpaka wa kawaida wa uchafu ambao figo huacha kwenye damu zikichoka ulikuwa mia na nne. Alishuka mstari kwa mstari hadi arobaini na saba, akitabasamu, tayari kusalimia.

71.2. Halafu 78.4. Halafu 86.9, 95.1, 103.3.

Kila mara alikuwa ndani ya mpaka, na kila mara alikuwa amepanda. Alimpigia daktari msimamizi wa utafiti. "Hajavuka," daktari alijibu kwa haraka. "Tutaona awamu ijayo."

Awamu ijayo ni miezi miwili! Desimali alifunga kompyuta, akaifungua, akafunga tena. Mama yake mdogo alikufa kwa figo; aliikumbuka rangi ya uso wake siku za mwisho. Angemwambiaje mpenzi wake? Na kama amekosea? Siku mbili simu yake iliita, akaiangalia tu. Alipopokea, sauti yenyewe ilimsaliti.

"Umenichoka?" muuguzi aliuliza.

"Kazi nyingi tu."

"Haya. Kazi njema, bwana." Simu ikakatwa.

Asubuhi ya tatu alimfuata wodini na karatasi. Alieleza akijikwaa maneno, kwamba figo zinachoka na huenda ni vile vidonge. Muuguzi alisoma zile namba tano, moja moja.

"Umezijua lini?"

"Juzi."

"Juzi!" Aliikunja karatasi. "Siku mbili nameza vidonge, wewe unaitazama simu yangu ikiita?"

"Niliogopa."

"Uliogopa wewe? Figo ni zangu! Ondoka. Niondokee, tafadhali."

Aliondoka. Siku nne hakulala sawasawa. Kila ngazi aliyopanda hospitalini aliogopa kukutana naye, na aliogopa zaidi kutokutana naye. Siku ya tano simu iliita mchana.

"Nipo kliniki ya figo. Walishanisimamishia vidonge, leo wamerudia kipimo." Ilikuwa sauti ya muuguzi. "Njoo. Naogopa peke yangu."

Alimkuta kwenye benchi la bluu, khanga imezungushwa mabegani. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa.

"Nisamehe," Desimali alisema.

"Ukijua kitu changu, niambie saa hiyo hiyo. Hata kama unatetemeka."

"Saa hiyo hiyo. Basi sikiliza hiki. Nataka nikuoe."

"We mwanaume! Subiri majibu kwanza."

"Sitaki kusubiri majibu. Nikisubiri utasema nimekuonea huruma, au nimefurahi tu."

Muuguzi aliangalia ule mlango, akamwangalia yeye. Machozi yalimtoka. "Na yakiwa mabaya?"

"Nitakuwa mume wako yakiwa mabaya."

"Haya, nimekubali," alinong'ona. Hapo mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa, wakaingia wote wawili.

Tisini na tisa nukta nane. Imeshuka. Daktari hakusema amepona. Alisema vidonge ndivyo vilivyokuwa vinaziumiza figo, havitamezwa tena, na damu itapimwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Muuguzi alitoka akiwa ameshika ukuta, na Desimali alimshika kiuno mpaka nje kwenye jua.

"Mpigie shangazi yangu," alimwambia. "Mwambie wewe mwenyewe kwamba unanioa. Mimi bado natetemeka."