Fundi Sakafu na Kisima cha Mkewe

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, kamba ya kisima ilikuwa imeshalowa. Mke wa fundi alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita hivyo: Dobi. Alifua sare za wanafunzi, makoti meupe ya zahanati na mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka ndiyo yaliyokuwa kazi kubwa. Kisima kilikuwa uani, nyuma ya jiko. Maji yake hawakuyanywa. Ya kunywa walichota bombani, wakayachemsha. Lakini kwa kufulia, kisima kilitosha na kubaki.

Mumewe aliitwa Fundi Sakafu, na jina hilo alilipenda. Kazi yake ilikuwa kumwaga saruji katika nyua za watu. Mji ulikuwa unakua, na kila aliyejenga nyumba alitaka na ua wa saruji. Hataki vumbi, hataki tope. Fundi alimaliza upande mmoja wa mtaa, akavuka upande wa pili. Ua wake mwenyewe aliumwaga wote, kutoka ukuta hadi ukuta. Hata bustani ndogo ya mama yake, Bibi, aliifunika.

“Mama, sasa hapa unaweza kula chini bila sahani,” alijisifu.

“Sahani ninazo, baba,” Bibi alijibu. “Mboga ndizo sina.”

Kiangazi kilipofika, Dobi aliongeza urefu wa kamba. Baadaye akaongeza tena. Kisha ndoo ikaanza kupanda na tope. Alichuja maji kwa kitambaa, akangoja yatulie, akafua. Mashuka yakatoka na rangi ya chai. Mwenye nyumba ya wageni aliyarudisha mwenyewe.

“Dobi, wageni wangu wanadhani shuka limeshalaliwa,” alisema. “Nakuheshimu, lakini yakija tena hivi, nitatafuta mtu mwingine.”

Dobi aliogopa. Kazi hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba pale mumewe alipokosa saruji ya kumwaga.

“Kisima kimezeeka,” Fundi alisema. “Tuchimbe zaidi.”

Wakamwita mchimba visima. Akashuka, akachimba. Maji yakaja kidogo, kisha yakatoweka.

Mvua ikarudi. Siku ya kwanza ilinyesha kwa hasira. Maji yakateleza juu ya ua wa Fundi, yakapita tundu la ukutani, yakaingia kwa jirani wa chini. Jirani huyo aliitwa Baba Pacha, fundi wa redio. Mvua ilipokatika alikuja, suruali ameikunja hadi magotini, redio inachuruzika mkononi.

“Fundi, nimekuja kukurudishia maji yako,” alisema. “Yamehamia kwangu bila hodi.”

“Mvua ni ya Mungu, Baba Pacha. Mimi sikuiita.”

“Mvua ni ya Mungu, mteremko ni wako!”

Sauti zikapanda. Jirani wa ng'ambo ya barabara akasikia, akavuka. Yeye alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji ya mji, na watu walimwita Dada Maji. Hakuuliza nani mwenye kosa. Alimgeukia Dobi.

“Shoga, hebu teka ndoo moja nione.”

Dobi akateka. Ndoo ikapanda na tope lile lile.

“Mvua yote hii, na kisima hakijaonja hata tone,” Dada Maji alisema. “Nipeni jagi la maji.”

Akamwaga nusu ya jagi juu ya sakafu. Maji yakakimbia moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukutani. Kisha akatoka nje ya geti, kando ya ukuta, palipokuwa na mchanga mtupu chini ya ukingo wa paa. Akamwaga nusu iliyobaki. Maji yakazama hapo hapo.

“Maji ya kisima hiki ni mvua,” alieleza. “Ardhi inainywa, inaichuja polepole, inaiweka chini. Mkifunika ardhi, mmeiziba mdomo. Mvua inakosa pa kuingia, inakwenda kwa Baba Pacha. Kiangazi kikija, mnateremsha ndoo kwenye tumbo lenye njaa.”

“Ua mmoja tu ndio umekausha kisima?” Fundi aliuliza.

“Mmoja hauwezi. Hesabu nyua ulizomwaga, tangu barabara kuu mpaka hapa.”

Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole. Mikono yote miwili haikutosha. Akaishusha, akaitia mfukoni.

“Mchuma janga hula na wa kwao,” Bibi alisema kutoka mlangoni. “Lakini ndiyo hivyo tena. Maji yakimwagika hayazoleki.”

“Haya yanazoleka, mama,” Dada Maji alisema. “Vunjeni sakafu hii, muipe mvua njia ya kushuka.”

Fundi alishtuka. “Nivunje kazi yangu mwenyewe? Watu wataniona nimerukwa na akili! Nani atanipa kazi tena?”

Baba Pacha alitaka kusema neno. Dobi akamtangulia.

“Mume wangu, mimi nina hofu,” alisema. “Ua huu unang'aa, na kila mtu anausifu. Lakini anayeona tope kwenye ndoo ni mimi. Mashuka yakiondoka, hii mikono itafanya nini?”

Fundi aliona aibu, na aibu ilimkaa usoni mpaka chakula cha jioni.

Asubuhi alichukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilimuuma, maana pale ndipo alipolainisha kwa uangalifu zaidi. Majirani wakachungulia. “Fundi kagombana na sakafu yake!” walicheka. Yeye akaendelea kupiga.

Si sakafu yote iliyovunjwa. Dada Maji alimwambia aache saruji kuzunguka mdomo wa kisima, ili uchafu usirudi ndani. Aliacha pia mahali pa kufulia, na maji ya sabuni yakapewa mtaro wake peke yake. Kwingine kote Fundi alipanga vitofali vyenye nafasi katikati, akajaza kokoto. Ua ukabaki bila tope, na maji yakapata pa kupita.

Kisha alichimba shimo la kunyonyea maji, mbali na kisima na mbali na choo. Akalijaza mawe. Bomba kutoka kwenye paa likaelekezwa humo.

“Humu ni mvua tu,” Dada Maji alisisitiza. “Maji ya sabuni marufuku. Oili marufuku. Mkichafua hapa, mtakuja kuyateka wenyewe.”

Mvua iliyofuata, Baba Pacha alisimama mlangoni kwake na fagio, tayari kwa vita. Alingoja. Maji machache yakapita tundu la ukutani, mengine hayakuja. Mvua ilipokwisha alikuja kwa Fundi, safari hii suruali haijakunjwa.

“Na mimi nivunjie,” alisema. “Lakini taratibu, redio zangu zina moyo mdogo.”

Baada yake wakaja wengine. Zahanati ikaweka shimo la mvua. Wale waliocheka wakaanza kuuliza habari za vitofali, na Fundi akawa na kazi kuliko zamani. Mwenye baa alikataa kata kata, na ua wake ni wa saruji mpaka leo. Lakini nyua nyingi zilifunguka.

Kisima hakikujaa siku ile, wala mwezi ule. Dobi alichota maji kwa foleni bombani ili kuyanusuru mashuka, na mgongo ukamuuma. Alimlaumu mumewe zaidi ya mara moja. Mvua za mwaka huo zikapita, na zilizofuata zikapita.

Kiangazi kikaja tena. Asubuhi moja Dobi aliteremsha ndoo, na Fundi akasimama karibu yake. Ndoo ikagonga maji mapema, kabla kamba haijafika nusu. Dobi akavuta. Akaiweka chini, wote wawili wakainama. Kwenye kitako cha ndoo, chini ya maji maangavu, kulikuwa na mkwaruzo mdogo, na waliuona wote mpaka mwisho wake.

Dobi alijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

“Sasa umesimama nini?” akamwambia mumewe. “Lete mashuka.”