Sajini Aliyeona Haya Kuuliza

Jamani, sogeeni karibu, maana jambo hili limejaa majumbani mwetu na tunalifunika.

Asubuhi ile ya Jumamosi nyumba ya Sajini ilikuwa tulivu. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akikunja upindo wa suruali. Binti yao, anayesomea kompyuta chuoni, alikuwa akiosha vyombo. Sajini mwenyewe, aliyestaafu jeshini baada ya miaka kumi na tisa katika kikosi cha mawasiliano, alikuwa akipiga pasi. Simu ikalia. Akaisikiliza amesimama wima, akajibu, "Ndiyo... nitafika," kisha akapiga kelele iliyowatoa majirani nje.

"Wamenichukua! Ile kampuni kubwa ya kompyuta, wamenichukua!"

Fundi alimkumbatia na pini zingali mdomoni.

Jumatatu alifika saa kumi na mbili alfajiri, viatu vinang'aa, mlinzi akamwuliza kama amekuja kufanya usafi. Sajini alicheka tu. Ghorofa ya tatu alikuta chumba kizima cha skrini, na mkuu wa zamu akiwa dada wa miaka ishirini na saba aliyevaa ndala. Nusura ampigie saluti! Moyo ulimdunda kwa furaha. Mitambo, taarifa, dharura: haya ndiyo yaliyokuwa maisha yake.

Ila maneno yao sasa! Kila kikao yaliruka maneno ambayo hajawahi kuyasikia.

"Umeelewa, Sajini?"

"Nimeelewa!"

Uongo mtupu. Aliona haya. Mtu aliyeongoza askari arobaini, amwulize nini dada wa ndala?

Haya hiyo aliibeba hadi nyumbani. Binti alipomwambia, "Mama, nikuelekeze? Haya ndiyo tunayosoma," alimkata kauli: "Utanifundisha wewe, niliyekubeba mgongoni?" Mumewe akiuliza habari za kazi, alijibiwa neno moja. Chakula kikawa kinaliwa kimya kimya, na binti akazoea kubeba sahani yake chumbani.

Wiki ya sita, saa tano asubuhi, mkuu wa zamu akasema, "Sajini, mwaga seva ya tisa hadi ya kumi na nne, mafundi wazisafishe."

Kwa wenyeji wa chumba kile, kumwaga seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, ni kuzihamisha kazi zake taratibu kwenda kwenye seva nyingine kabla ya kuizima. Sajini alidhani ni kuzima tu. Akazizima zote sita kwa mpigo.

Skrini zikawa nyekundu. Ramani zinazowaongoza madereva wa magari ya wagonjwa, zilizotegemea seva hizo, zikapotea mji mzima. Watu wakaruka vitini.

"Tumeshambuliwa!"

"Hapana, ni umeme!"

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, na ndugu zangu, nusura anyamaze! Kisha akamfikiria dereva aliyekwama njia panda na mgonjwa nyuma. Akapiga moyo konde, akasimama, akatoa sauti ya uwanja wa gwaride:

"Tulieni! Ni mimi! Saa tano na dakika kumi na mbili nimezima seva ya tisa hadi ya kumi na nne. Sikujua maana ya kumwaga, na sikuuliza."

Watu wakarudi vitini. Kisha vidole vikakimbia juu ya vibonyezo. Dakika nne baadaye ramani ya kwanza ikarudi, na makofi yakalipuka. Walikuja kusikia kwamba dereva mmoja alipotea vichochoroni akiwa na mama mwenye uchungu, na mtoto alizaliwa mlangoni mwa hospitali. Mzima, na mama mzima.

Mkuu wa zamu akamwita pembeni. "Wiki sita unaniambia umeelewa. Ulielewa kiasi gani?"

"Nusu, mkuu. Nusu ndogo."

Dada yule alijikaza asicheke, akashindwa. "Ungenyamaza, tungetafuta hadi jioni. Mwezi mzima hutagusa mtambo, utajifunza. Na mimi nina kosa, nilikuwa naridhika na 'nimeelewa' yako."

Nyumbani aliwaeleza yote bila kuficha. Binti akamtazama, kisha akasema, "Kwa hiyo, Mama, ulitumwa kumwaga seva ukakaribia kumwaga unga!" Fundi alicheka hadi akashika mbavu, na Sajini mwenyewe akafuata. Akavuta kiti.

"Haya, mwalimu. Seva ni nini hasa? Anzia mwanzo kabisa."

Mwezi ulipokwisha alirudishwa kwenye zamu, na sasa anauliza kwa sauti mambo ambayo wenzake waliogopa kuyauliza kwa miaka. Mara mbili mkuu wa zamu amekiri kwamba hata yeye hajui, wakaenda kutafuta jibu pamoja.

Funzo

Ndugu zangu, haya ya kuuliza huharibu kazi na kunyamazisha nyumba. Wewe uliyevua sare na kuingia kazi mpya, ulinde ujasiri wako, lakini siku ya kwanza hapo wewe ni mwanafunzi, hata kama anayekufundisha ni wa umri wa mwanao. Nanyi mnaowapokea wageni kazini, msiridhike na "ndiyo". Mwombeni mtu aeleze alichoelewa kwa maneno yake. Na ukikosea, sema papo hapo, ungali na nafasi ya kuokoa mtu.