Mwacheni Ugbad Atafute

Kila alfajiri Fatumo hufukiza mitungi yake ya maziwa. Huinamisha mdomo wa mtungi juu ya moshi wa kuni, husubiri, kisha hupangusa. Wateja wake katika soko la Garissa wanapenda maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi huo.

Binti yake Ugbad, mwenye miaka kumi, humsaidia kabla ya kwenda shule. Kazi yake ni kunusa maziwa yanapofika kutoka malishoni. Ugbad hunusa kifuniko cha kila mtungi na kusema, "Haya mazuri, Hooyo. Haya uza mapema." Hooyo ni mama kwa Kisomali. Mara nyingi Ugbad hakosei.

Lakini shuleni Ugbad alikuwa hajibu maswali. Mwalimu akiuliza, yeye huinua macho na kungoja. Mwalimu alimwambia Fatumo kwa upole, "Mtoto wako ana adabu nzuri sana. Ila sijui kama anaelewa."

Baba yake, Keinan, ni mfanyabiashara wa mifugo. Habari hiyo ilimsumbua.

"Huenda shule si yake," alimwambia mkewe. "Muhula ukiisha hivi hivi, nitampeleka kwa dada yangu Kaltun huko Habaswein. Atamsaidia kuchunga mbuzi."

Fatumo mwenyewe aliacha shule mapema, na aliyataka masomo haya ya Ugbad kuliko kitu kingine chochote.

Wiki hiyo mgeni alifika nyumbani. Jina lake Ilhan, mtoto wa Garissa aliyesomea chuo kikuu. Alikuwa akifanya utafiti katika shule ya Ugbad, na mwalimu alikuwa amemweleza habari zake. Alivua viatu mlangoni, akamsalimia kwanza Ayeyo Rukiyo, bibi yake Ugbad, na kumbusu mkono. Ayeyo alimpenda papo hapo, lakini hakuonyesha.

"Wewe ndiye daktari wa vichwa?" Ayeyo aliuliza. "Kichwa cha mjukuu wangu ni kizima. Amekitoa kwangu."

Ilhan alicheka. "Ayeyo, sina sindano. Mimi ni mwanasaikolojia wa elimu. Ninachunguza jinsi watoto wanavyojifunza na kukua. Leo naomba nikae tu na nyinyi, nimtazame Ugbad akisoma."

Chai ya maziwa ililetwa. Ugbad alifungua kitabu chake cha hadithi. Kilikuwa kinaeleza habari za msichana aliyechelewa kurudisha mbuzi wa mzee mmoja. Ugbad alisoma mstari wa kwanza vizuri. Kwenye mstari wa pili alikwama.

"Mawingu," alisema Fatumo haraka.

"Mawingu," Ugbad alirudia, akaendelea. Akakwama tena.

"Yalitanda!" alisema Ayeyo. Ayeyo hajui kusoma. Lakini hadithi ile alikuwa ameisikia jioni nyingi, naye ameihifadhi yote.

Ilhan aliuliza, "Ugbad, kwa nini yule msichana alichelewa?"

"Mvua!" alisema Ayeyo.

"Mvua ilinyesha," alisema Fatumo.

"Mvua," alisema Ugbad.

Ilhan aliweka kikombe chini huku akicheka. "Wallahi nimepata majibu matatu, na sijasikia hata moja la Ugbad!"

Fatumo alishangaa. "Tunamsaidia. Kwenye dugsi, chuo cha Qur'ani, mtoto akikwama si anayejua humpa neno linalofuata?"

"Ndiyo, na ni wema," alisema Ilhan. "Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Hatutaki hata herufi moja ipotee, kwa hiyo tunampa neno. Lakini swali la shuleni linataka mtoto afikiri mwenyewe. Ugbad amezoea kuletewa neno. Akiulizwa darasani, anangoja mtu amletee."

Ayeyo alisema polepole, "Basi tumembeba mpaka akasahau kutembea."

"Kwa sababu mnampenda, Ayeyo. Hilo nimeliona tangu niingie." Ilhan akamgeukia Fatumo. "Nani alimfundisha kunusa maziwa?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamwambia kila mara?"

Fatumo alifikiri. "Hapana. Nilimpa kifuniko nikanyamaza. Mwanzoni alikosea. Tuliyanywa pamoja yale yaliyochacha, akajua."

"Ukampa tena kesho yake?"

"Kila siku."

"Hivyo ndivyo tunavyoona katika utafiti," alisema Ilhan. "Mtoto akilitafuta jambo mwenyewe kichwani, linakaa. Hata akikosea kwanza, ukimwonyesha kosa lake, linakaa. Muulizeni, kisha nyamazeni. Mwacheni atafute. Akimaliza kusoma, afunge kitabu na asimulie kwa maneno yake. Akiona Kiswahili kizito, aanze kwa Kisomali. Na kesho yake mumuulize tena yale ya jana."

"Na mimi nifanye nini?" Ayeyo aliuliza.

"Wewe una kazi ngumu kuliko wote, Ayeyo. Kunyamaza."

Ilikuwa ngumu kweli. Siku za kwanza Ugbad alikwama na kuwatazama mmoja mmoja. Fatumo aliukunja ukingo wa shungi lake, mtandio wa kichwani, vidoleni. Ayeyo alianza kuweka tende mdomoni kila kitabu kilipofunguliwa. Ugbad alikosea, akacheka, akarudi nyuma, akapata. Taratibu aliacha kutazama nyuso za watu. Akawa anatazama kitabu.

Muhula ulipokaribia kuisha, Keinan alirudi kutoka mnadani na kuketi mkekani.

"Soma nisikie," alisema.

Ugbad alisoma ile hadithi, akafunga kitabu.

"Haya," alisema Keinan. "Msichana alichelewa na mbuzi wa mzee. Kwa nini mzee hakumgombeza?"

Kitabuni jibu hilo halikuandikwa. Fatumo aliukunja tena ukingo wa shungi. Ugbad alitazama chini. Kimya kilikuwa kirefu mpaka Keinan mwenyewe akashindwa.

"Ni kwa sababu..." alianza.

Ayeyo alimpiga kofi dogo la goti. Tende ilikuwa bado mdomoni.

Ugbad aliinua uso kwa baba yake. "Aabo, kitabu hakisemi. Lakini mwishoni msichana amelowa, na amemfunika mbuzi mchanga kwa shungi lake. Mzee aliliona shungi. Nafikiri ndiyo maana hakumgombeza."

Keinan alitoa simu mfukoni.

"Nampigia Kaltun," alisema. "Atafute mtu mwingine wa mbuzi. Huyu ana shule."

Fatumo alijifunika uso kwa shungi. Ayeyo alimeza tende yake kwa haraka. "Na mimi nilikuwa najua jibu!"

Siku hizi Ugbad hunyoosha mkono darasani. Mwalimu naye amejifunza kumngoja. Na jioni Ugbad ana mwanafunzi wake mwenyewe, kwa sababu Ayeyo Rukiyo ameamua kujifunza kusoma.

Jana Ayeyo alikwama kwenye neno moja. Aliwatazama wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Nisaidieni basi!" alisema.

"Tunakusaidia, Ayeyo," alisema Ugbad, akampa tende. "Si unaona tumenyamaza?"

Ayeyo aliguna, akaweka kidole chini ya neno, akaanza kulitafuta.