Sauti Kwenye Bomba la Sinki

Maji yalishuka yote, sinki likabaki tupu, kisha yakarudi.

Mama Keki alikuwa ameshageuka kuchukua kitambaa. Aliposikia mchirizo nyuma yake alidhani ameacha bomba wazi, lakini bomba lilikuwa limefungwa. Maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la sinki, polepole, bila hata chembe ya povu la sabuni aliyotumia muda ule ule. Alipoyagusa yalikuwa ya uvuguvugu. Yakafika nusu ya sinki, yakatulia. Harufu yake ilikuwa uvundo wa kawaida wa maji machafu, ila chini ya uvundo huo kulikuwa na kitu kingine kitamu, kama marashi ya mwanamke aliyepita mlangoni muda si mrefu.

Nyumba ile haikuwa na mtu wa marashi. Walikuwa watatu tu: yeye, mumewe aliyekuwa kinyozi, na mama mkwe wake, ambaye hata sabuni ya kufulia ilimpigisha chafya.

Jina la Mama Keki lilitokana na kazi. Alioka keki za arusi na za siku za kuzaliwa jikoni mwake, na kazi hiyo ndiyo iliyompa mama mkwe neno la kwanza la lawama. Alisema ni siagi inayoziba bomba. Vyombo vya kuokea vinaoshwa pale kila siku, siagi inayeyuka kwa maji ya moto, inasogea mbele kidogo, inaganda. Alisema hayo kwa upole, akimtazama mwanawe badala ya mkwewe. Mama Keki akajibu kwa adabu kwamba bafuni nako maji yanasimama, na bafuni hapaoki mtu keki. Anayeingia humo jioni na nywele za wateja shingoni anajulikana. Kinyozi alicheka. Akasema basi hiyo ndiyo ndoa, siagi ya mmoja na nywele za mwingine, zimekutana bombani.

Wakamwita fundi bomba, mtu mnene mwenye pumzi fupi, aliyeongea na mabomba zaidi kuliko alivyoongea na wenye nyumba. Alifungua kile kiwiko cha bomba chini ya sinki, akatoa bonge jeupe la mafuta lililoganda kama mshumaa. Bafuni akavuta furushi la nywele. Akasema wote wana makosa, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Vyombo vya mafuta vifutwe kwa karatasi kabla ya kuguswa na maji. Kwenye matundu waweke chujio. Mara kwa mara wamwagie maji ya moto ya kutosha, na wasidanganyike na zile dawa kali za kuzibulia, kwa sababu zinakula bomba kabla ya kula uchafu. Kisha akaenda nje, akafunua kifuniko cha chemba ya maji machafu, akahakikisha maji yanafika kwenye shimo la nyuma ya nyumba, akaondoka.

Walifuata yote. Mama Keki alifuta vyombo mpaka vikang'aa, na kinyozi alianza kujikung'uta nywele uani kabla ya kuingia. Hata hivyo sinki liliziba tena, na safari hii maji yalipanda yakiwa safi kabisa, yananukia.

Fundi alirudi na waya mrefu wa kuzibulia. Aliuzungusha ndani ya bomba mpaka ukakamata kitu, akaanza kuvuta, akavuta, na kilichotoka kilimfanya aache kuongea na bomba. Ulikuwa msuko wa nywele. Ulikuwa mweusi, mnene kama kidole gumba, umesukwa kwa mkono hodari, haujakosewa hata mahali pamoja, na urefu wake ulimpita mtu kiunoni. Mwisho wake ulikuwa umefungwa kifundo. Fundi akauweka sakafuni, akaenda kunawa mikono kwa jirani.

Mama Keki alikuwa na nywele fupi, mumewe ndiye aliyezipunguza. Za mama mkwe zilikuwa mvi chache chini ya kilemba. Mama Keki alimtazama mumewe, mumewe akautazama msuko, na mama mkwe akawatazama wote wawili. Baadaye kinyozi alijaribu kueleza kwamba yeye hanyoi wanawake, hajui nywele hizo zimetoka wapi. Mama Keki alimwambia hajamuuliza.

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Mama mkwe alianza kupika chakula chake peke yake kwenye jiko dogo chumbani, akisema tumbo linamsumbua, na mlango akaufunga kwa ufunguo hata akienda uani tu. Kinyozi alirudi mapema bila kuaga kazini, akaingia kwa kunyata kama anayetaka kukuta kitu. Akiulizwa, alisema wateja ni wachache. Mama Keki aliona haya yote na kuyajumlisha kwa namna yake. Kuna mwanamke, alijiambia. Kuna mwanamke, na mama yake anajua.

Uhakika aliupata mchana mmoja mweupe, jua limejaa dirishani. Alikuwa ameinama juu ya sinki akisikiliza kama maji yanashuka, akasikia mtu anazungumza. Sauti ilitoka kwenye tundu, ya mbali kidogo, kama ya mtu aliye bafuni upande wa pili wa bomba. Ilikuwa ya mama mkwe wake. Hakuwa na shaka, aliijua hata ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya neno zito. Ilisema asibanwe, aachwe tu, ataondoka mwenyewe, na yule mwingine amekwisha kuambiwa aje. Siku zilizofuata alirudi kuinama pale kila alipokuwa peke yake, na kila alipoinama, kulikuwa na maneno.

Akafunga mzigo wake. Alikuwa amefika mlango wa jikoni na begi wakati mama mkwe alipotoka chumbani, ameshika ukuta. Mama Keki alitarajia kuona furaha. Alichoona ni mtu aliyekonda.

"Nenda, mwanangu," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kabla hujanimaliza. Nimekukosea nini mpaka unitilie vitu kwenye chai?"

Mama Keki aliliweka begi chini. Akauliza nani amesema hivyo. Mama mkwe akasema ni yeye mwenyewe, alimsikia kwa masikio yake kwenye tundu la bafuni, akimweleza mtu jinsi ya kupima ile dawa ili mzee asishtuke. Siku gani? Siku ya ile keki ya ghorofa. Siku hiyo Mama Keki alikuwa ukumbini tangu asubuhi, upande wa pili wa mji, anapanga keki mbele ya watu mia. Mama Keki naye akamwambia yake, ya yule mwingine aliyeambiwa aje, na mchana ule ulikuwa upi. Mama mkwe akafikiri. Mchana ule alikuwa hospitali anapimwa macho, na aliyempeleka ni mwanawe.

Walisimama wakitazamana. Wakati huo huo maji yakaanza kupanda kwenye sinki, wakayasikia kabla ya kuyaona, yakipanda bila haraka kama mtu anayepanda ngazi akijua hakuna wa kumfungia mlango, yakafika nusu, yakafika ukingoni, yakavimba juu ya ukingo bila kumwagika, na ile harufu tamu ikajaa jikoni mpaka mama mkwe, aliyepiga chafya kwa kila kitu, akashika pua akashindwa hata kupiga chafya, na Mama Keki akataka kukimbia lakini mkono wa mama mkwe ulikuwa umeshamkamata wake, baridi, mkavu, na hapo ndipo sauti ilipotoka chini ya maji yale, ya upole, ya mtu waliyempenda wote wawili.

"Mke wangu," ilisema sauti ya kinyozi, "uko na nani hapo?"

Kinyozi alikuwa kazini. Walikwenda huko wakiwa wameshikana mikono kama watoto, wakamkuta na mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa.

Alipomaliza aliwafuata nyumbani. Hawakuingia ndani, walikaa uani. Walimweleza, kisha wakamwambia aseme na yeye alichosikia. Alikataa kwa muda mrefu. Hatimaye akasema amekuwa akimsikia mkewe kwenye tundu la bafuni, anacheka na fundi bomba, wanapanga siku. Ndiyo sababu alikuwa akirudi mapema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua juu ya benchi. Ndani yake kulikuwa na wembe mpya. Hakuna aliyeuliza ulikuwa wa nini. Mama yake alianza kulia bila sauti, na Mama Keki aligundua kwamba amesogea mbali na mumewe kwa kadiri benchi lilivyoruhusu.

Wakaleta msuko, uliokuwa umefungwa kwenye mfuko kwenye banda la uani. Kinyozi aliuchambua kwa vidole vya kazi yake. Haukuwa wa nywele ndefu hata kidogo. Zilikuwa fupi, za vichwa vya watu wengi, ngumu na laini, zimeunganishwa moja moja, na kilichozigandisha kilikuwa siagi.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kufungwa kamba, aliyekuja saa nne asubuhi na kusema kazi hizi ni za mchana. Hakufukiza chochote. Kwanza aliwataka waambiane yote waliyoyasikia, kila neno, mbele yake, kwa sababu kitu kile kinaishi kwa wanayofichana. Waliambiana. Iliwachukua muda, na mengine yalikuwa ya aibu. Kisha akamwomba fundi, aliyeitwa tena, afunue chemba, akachuchumaa ukingoni kama anayeongea na mtoto aliyeanguka kisimani, akauliza aliyeko humo anataka nini.

Jibu lilikuja kwa sauti tatu, ya mume, ya mke na ya mama, zikipokezana katikati ya neno.

"Nilikuwa hapa kabla ya nyumba. Wakachimba shimo juu ya kichwa changu. Wananimwagia mafuta yao na nywele zao, na mimi nimewarudishia."

"Hawakujua," mganga alisema.

"Sasa wanajua."

Walikubaliana hivi: shimo lile lisafishwe na kufukiwa kwa mchanga, fundi achimbe jingine mbali, bomba la zamani lizibwe kwa saruji, nacho kilichomo kiinyamazie nyumba. Kilikubali haraka kuliko mganga alivyotaka. Alikuwa anainuka, ameshika magoti, kilipoongea tena.

"Maneno yangu naondoka nayo. Moja tu nawaachia, maana hilo lilikuwa kweli."

Mganga alirudisha kifuniko mwenyewe. Alipokuwa anaaga aliwaambia wasilitafute neno hilo, wasilijadili, kwa kuwa kulitafuta ndiko kungewamaliza. Wakaitikia.

Fundi alililaza bomba jipya kwa mwinamo mzuri, na maji yakaanza kushuka moja kwa moja, bila kusita, bila harufu. Mama mkwe alirudi kula na wenzake. Kinyozi akarudi kwenye ratiba yake. Majirani walisema nyumba imepata nafuu, na kwa kuitazama kutoka nje ilikuwa kweli.

Lakini siku ile ya kuambiana, Mama Keki alibakiza neno moja. Lilimfikia mara ya mwisho alipoinama kwenye sinki, kwa sauti ya mama mkwe, dogo tu, kama mtu anayejisemea: "Na yule wa kwanza naye alianza hivi hivi, kwa kuuliza maswali." Hakulisema mbele ya mganga kwa sababu hakuwahi kuambiwa kulikuwa na mke wa kwanza. Alisubiri, akaona ameshindwa kusubiri. Asubuhi moja, wako wawili jikoni, mama mkwe anaosha vikombe, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akifuta meza.

"Mama, hivi mimi ni wa ngapi kuolewa humu?"

Mama mkwe hakugeuka. Alinyoosha mkono akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakanguruma ndani ya sinki, akaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi zamani.