Laptopu Iliyowaka kwa Fundi Tu

Fundi amekiri kosa! Fundi, jamani, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama! Ngoja nianze mwanzo, nisije nikachanganya.

Dada yangu anamalizia chuo, na ripoti yake inatakiwa Ijumaa. Laptopu ni ya marehemu baba, kuukuu, ya kupachikwa juu ya doki, kile kitako kizito ambacho baba alikiunganisha na kioo kikubwa. Ilipogoma kuwaka, dada akabeba laptopu na doki lake mpaka jengo la mafundi, watu wamejaa pomoni. Kwenye ngazi akagongana na kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa vizuri, bisibisi sikioni kama kalamu.

"Pole, dada. Nikupokee mzigo?"

"Ukikimbia nao je?"

"Nikimbilie wapi? Duka langu ndilo hilo."

Dada akacheka. Na dada hacheki na watu ovyo!

Fundi akaokoa mafaili, akaweka mfumo mpya, laptopu ikawaka palepale. Doki likabaki dukani, maana zito. Nyumbani dada akabonyeza: kioo cheusi. Akairudisha, fundi akaipachika kwenye doki, ikawaka. Nyumbani, giza. Mara ya tatu vilevile! Kwa fundi nzima, kwetu maiti.

Katikati ya safari hizo walishazoeana. Simu asubuhi, simu jioni: "Mgonjwa wetu kaamkaje?" "Bado, daktari wangu." Mimi sikio ukutani, sikatai.

Jumatano dada akafura. Mpenzi wake wa zamani alimdanganya mwaka mzima, tangu hapo uongo hausamehe. Akapiga simu.

"Unaiharibu makusudi ili nirudi!"

"Mpenzi, naapa..."

"Usiniite mpenzi! Ripoti ni Ijumaa, wewe unanichezea?"

Akakata. Akalia, akanawa uso, akasema hajalia.

Fundi naye, kaniambia mwenyewe, hakufunga duka jioni ile. Akakaa analitazama doki, mwishowe akalifungua. Ndani, diski! Baba aliiweka humo ya akiba. Fundi alipoweka mfumo, sehemu ya kuwashia ikaenda kukaa kwenye diski ile, mengine yote yakabaki kwenye laptopu. Bila doki, laptopu haijui ianzie wapi.

Alhamisi mchana huyo mlangoni kwetu, jasho linamtoka.

"Haya, sema ni virusi," dada akamwambia, mkavu. "Sema ni umeme. Si ndivyo mnavyosema?"

"Ni mimi. Nilitakiwa kuitoa kwenye doki kabla ya kuanza. Sikuitoa. Kosa langu."

Dada akaachia mlango. Akasogea kando, apite.

Akaweka mfumo upya pale mezani, laptopu peke yake, bila doki. Ikawaka. Ripoti ikafunguka, kurasa zote. Dada akashusha pumzi, mkono wake ukaenda begani kwa fundi, ukakaa hukohuko.

Mama akakohoa. "Kijana, kazi si imeisha? Mbona hunyanyuki?"

"Mama, naomba nirudi tena. Safari hii na wazee wangu."

Jamani! Mimi mlangoni nimeziba mdomo kwa kanga.

"Waje," dada akasema. "Ila si Ijumaa. Ijumaa nakabidhi ripoti."

Alivyojibu mama, na baba mkubwa alivyopigiwa simu palepale akaanza kumhoji fundi ukoo wake, hayo ni ya kesho, nakusimulia yote, maana dada ananiita nimsomee ripoti kutafuta makosa.