Kiingilio cha Modesta

Wajukuu zangu, kabla sijaanza nitegulieni kitendawili hiki: ananidanganya mchana kweupe, najua kabisa ananidanganya, na bado nampigia makofi. Nani huyo? Fikirini polepole huku mkinisikiliza.

Hapa kwetu Kamanga kuna msichana wa darasa la sita anaitwa Modesta. Kila asubuhi kabla ya shule humsaidia mama yake, Getruda, kuanika dagaa kwenye vichanja vya wavu. Kichanja kimoja ni chake mwenyewe. Huwageuza dagaa kwa vidole, taratibu, wasikatike vichwa. Mimi nimeanika dagaa miaka arobaini, na mikono kama ile sijaiona.

Mwalimu Revocatus alipotangaza kwamba darasa litavuka ziwa kwenda Mwanza mjini kutazama mchezo wa kuigiza, mchango ulikuwa shilingi elfu tano. Modesta alikuwa hajawahi kuona jukwaa. Akauza dagaa wake, akazipata. Wiki iliyofuata ukumbi ukapandisha kiingilio, mchango ukawa elfu saba. Akauza tena. Halafu nauli ya gari la kuwatoa kivukoni hadi ukumbini nayo ikapanda, mchango ukawa elfu tisa, mwisho wa kulipa Jumatatu.

"Kwa bei hiyo waigizaji waje huku, tutawapikia ugali," alisema Obedi, anayekaa naye dawati moja. "Mimi nimejitoa."

"Jitoe tu. Nitakuja kukuhadithia," Modesta akamjibu.

Ijumaa, Modesta akiwa shuleni, mvua ya upepo ikaangusha nusu ya dagaa wake mchangani. Na dagaa wenye mchanga bei yao ni ya chakula cha kuku, hilo kila mtu hapa analijua. Jumamosi alibaki peke yake vichanjani. Akachukua kiroba, akaweka wenye mchanga chini, wasafi juu.

Akaja Mama Zain, mwenye duka la vyakula mjini, ambaye huvuka kila Jumamosi kununua kwao.

"Shikamoo, Mama Zain."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho changu?"

"Ndiyo. Unataka kutazama?"

"Dagaa wa nyumba hii huwa simwagi kutazama."

Akalipa bei ya dagaa safi, akaondoka. Mchango ulikuwa umetimia. Modesta alizishika zile noti muda mrefu, akitazama vichanja vya mama yake. Halafu akakimbia.

Alimkuta Mama Zain kwenye benchi la kusubiri kivuko. Akamnyooshea pesa kwa mikono miwili.

"Kiroba kina mchanga chini. Nimeuweka mimi."

Mama Zain akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa mchanga. Akaupangusa bila haraka.

"Ningegundua kesho dukani, na wewe pesa umeshazitumia. Umenifuata kwa nini?"

Modesta akatazama miguu yake. Kivuko kikapiga honi.

"Basi, utaniambia siku nyingine," akasema Mama Zain. Akachukua wale wasafi tu, akalipia hao tu, kiroba na mchanga wake akamwachia mwenyewe.

Pesa za mchango zikawa pungufu kwa elfu moja. Jumapili baada ya ibada Modesta aliwageuzia dagaa majirani wawili kwa malipo mpaka jua likazama, na Jumatatu akamkabidhi mwalimu elfu tisa kamili. Jumatano akavuka.

Jumamosi Mama Zain akaja tena, akiwa ameshasikia habari za safari. "Haya, umeona nini huko?"

"Kuna mama alifiwa na mtoto wake. Alilia, nami nikalia, mwalimu naye akalia. Kumbe mwisho akatoka mbele anacheka, tukampigia makofi."

"Kwa hiyo alikudanganya."

"Lakini nilikuwa najua."

Mmesikia, wajukuu? Kitendawili kimeteguka.

"Tofauti ni hiyo, mwanangu," Mama Zain akasema. "Mwigizaji anamdanganya anayejua, wote wanarudi nyumbani wamefurahi. Muuzaji akimdanganya asiyejua, huyo ameiba. Wewe ulirudisha pesa mwenyewe kabla hujaulizwa, na wakubwa wengi hawawezi." Akajitwisha kiroba kipya. "Swali langu la siku ile bado linasubiri. Ulinifuata kwa nini?"

Safari hii Modesta hakutazama miguu.

"Kwa sababu ulisema dagaa wa nyumba yetu huwa humwagi kutazama."