Kura ya Diwani Sobczak

Kila Ijumaa jioni Marcella Sobczak alipasha moto supu ya kabichi, akaweka sahani mbili mezani, kisha akaketi kumngoja mama yake arudi kutoka Columbus, liliko bunge la jimbo. Mama yake, Bernadette, alikuwa mbunge wa jimbo la Ohio, Marekani.

Ijumaa hiyo mama alivua viatu, akachukua daftari lililokuwa mezani. Lilikuwa na insha ya Marcella kuhusu kazi ya mama yake, na Jumatatu angeisoma mbele ya darasa la saba. Mama alisoma jinsi alivyoanza kama karani wa maji katika halmashauri ya mji wao, akawa diwani kwa miaka minane, kisha akachaguliwa kwenda bungeni, ambako alipitisha sheria ya kung'oa mabomba ya madini ya risasi yaliyokuwa yakitia sumu kwenye maji.

"'Alipigania maji safi tangu siku ya kwanza,'" mama alisoma kwa sauti. "Haya umeyapata wapi?"

Marcella alikoroga supu yake.

"Marcella, nakuuliza."

"Nimeyatunga. Maktabani nimesoma gazeti la zamani. Linasema ulipokuwa diwani, ulipiga kura mabomba ya mtaa wa kusini yasibadilishwe kwa miaka minne."

Mama alishusha daftari.

"Ni kweli," alisema. "Mhandisi alituonyesha vipimo vya maji. Nilijua yana sumu. Lakini kazi hiyo ingepandisha kodi, na uchaguzi ulikuwa karibu. Niliogopa kupoteza kiti."

"Emmett anaishi mtaa huo," Marcella alisema. Emmett alikuwa mdogo wake Lucinda, rafiki wa Marcella wa darasani. Alikuwa na miaka tisa na bado alipata shida kusoma hata jina lake. Madaktari walisema ni madini ya risasi ya kwenye maji yaliyomwingia mwilini alipokuwa mchanga. "Lucinda akisikia, hatazungumza nami tena. Na wewe una uchaguzi Novemba. Tuliache tu, Mama."

"Hapana. Wakinichagua, wanichague wakijua. Ila si haki Lucinda aje kulisikia darasani. Kesho tutakwenda kwao."

Asubuhi, mama yake Lucinda, Bi Overby, aliwafungulia mlango akiwa bado na sare ya hospitali. Aliwakaribisha jikoni. Emmett alikuwa sakafuni akipanga magari yake ya plastiki. Mama Marcella hakuketi. Alieleza yote akiwa amesimama: vipimo, kura, na woga wake. Lucinda alimtazama Marcella, kisha akatazama dirishani.

"Nilikuja ofisini kwako na karatasi za daktari, Mheshimiwa," Bi Overby alisema polepole. "Ukaniahidi sheria, na sheria ukaileta. Lakini hili hukuniambia."

"Sikukuambia. Naomba radhi."

"Bomba letu lilibadilishwa mwezi wa nne. Maji sasa ni safi. Lakini Emmett, je?"

Mama Marcella aliinamisha kichwa.

"Anahitaji mwalimu wake maalumu," Bi Overby aliendelea. "Yeye na watoto wengine kumi na wanane wa mtaa huu. Shule inasema haiwezi."

"Nipe majina yao. Jumanne nayapeleka bungeni, na sitaficha kwa nini naomba."

Jumatatu Marcella alisoma insha yake mpya, kura ile ikiwemo. Aliisoma hadi mwisho. Gazeti la mji nalo liliandika habari hiyo. Wengine walimtukana mama yake, na Novemba alishinda kwa tofauti ya kura chache mno. Bunge lilitoa fedha, na Januari walimu wawili maalumu walifika shuleni.

Siku walimu hao walipoanza kazi, Bi Overby alikutana na Marcella langoni. Lucinda alikuwa kando yake, ameshika mkono wa Emmett.

"Mama yako alisema ukweli, nao umesaidia," Bi Overby alisema. "Lakini ukweli huo ulichelewa miaka mingi. Wewe ukikosea, mwanangu, sema siku ileile, kabla mtu hajaumia."

"Nimesikia, Bi Overby."

Lucinda akampa Marcella mkono wa pili wa Emmett, wakaingia shuleni wote watatu.